Raketi, Vitabu na Maji ya Ndiva

Maneno ya wazazi wa mmoja wa wanafunzi wanaosaidiwa na Mfuko wa Elimu, yaliyotolewa kwenye mkutano wa harambee ya mwaka

 

 Sisi si wasemaji. Mmoja wetu ni mtunza viwanja vya tenisi katika klabu mjini Moshi, na mwingine anauza mboga na tangawizi sokoni. Tumesimama hapa wawili kwa sababu kamati imetuomba tueleze jambo moja. Binti yetu, ambaye chama hiki kimemsaidia tangu kidato cha kwanza, anawezaje kucheza tenisi ya mashindano na wakati huohuo kusoma Fizikia, Kemia na Biolojia akitaka kuwa daktari? Wengine mmetuuliza kwa upendo, wengine kwa mashaka. Yote mawili ni haki yenu, maana fedha ni zenu.

Mwaka jana, katika mkutano kama huu, mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema, "Mshika mbili moja humponyoka. Je, tunachanga kumlipia mtoto shule, au kumlipia mchezo?" Ukumbi ulicheka kidogo. Sisi hatukucheka. Tulirudi na swali lile nyumbani, na leo tungependa kumjibu mzee wetu. Hatujibu kwa kumpinga, kwa sababu kuna miezi tuliyoona kwamba amesema kweli tupu.

Kwanza tuseme tenisi iliingiaje nyumbani kwetu, maana tunajua inaonekana ni mchezo wa wenye nazo. Haikuingia kwa mlango wa mbele. Babu yake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko bondeni, ambako mabwana wakubwa walikuwa na kiwanja chao, na vijana wetu wakiwaokotea mipira. Baba yake naye aliokota mipira mjini kwa malipo ya siku, akajifunza kwa kutazama, na baadaye akaajiriwa kumwagilia na kupiga chokaa viwanja. Mtoto alikuwa anamfuata baba kazini siku za Jumamosi. Akiwa na miaka saba alipewa raketi iliyovunjika mpini, tukaifunga kwa mpira wa baiskeli. Alipofika miaka kumi alikuwa anawashinda watoto waliofundishwa na kocha wa kulipwa. Hatukupanga. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Udaktari ulikuja kwa njia nyingine. Alikuwa darasa la sita, likizo ya Desemba, amepanda juu nyumbani kukaa na bibi yake. Usiku mmoja bibi aliamka, akataka kusema, maneno yakatoka yamepinda. Mkono wa kulia ukalegea, na mguu pia. Walimbeba kwa machela hadi zahanati. Muuguzi alikuwa peke yake usiku ule. Alipima presha, akasema mpelekeni chini haraka. Gari lilipatikana baada ya saa tatu. Mnaijua barabara yetu, mnazijua zile kona, na ilikuwa mvua. Mjukuu ndiye aliyeshika kichwa cha bibi njia nzima.

Bibi alipona, Mungu ni mwema, lakini mkono ule haukurudi. Hospitali, daktari kijana aliyemhudumia aliulizwa swali na mtoto wa miaka kumi na miwili: kwa nini ni upande wa kulia tu? Daktari yule angeweza kumwambia kaa kimya. Badala yake alichukua karatasi, akachora ubongo, akamweleza kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na mshipa wa damu ukiziba au kupasuka huku, kule kunalegea. Akamwambia pia kwamba katika ugonjwa wa kiharusi saa za mwanzo ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa sababu sehemu ya ubongo iliyokosa damu inaendelea kufa dakika kwa dakika. Mtoto aliitunza ile karatasi. Mpaka leo imo ndani ya daftari lake la Biolojia. Alichotuambia wakati ule si kwamba anataka kuwa daktari. Alisema, "Saa tatu tulikuwa tunangoja gari."

Basi hayo ndiyo mambo mawili anayoyashika. Sasa tuje kwenye kuponyoka.

Alipoingia kidato cha tano alipangiwa shule ya bweni nje ya mji. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 serikali imefuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake, na tunashukuru. Nauli, madaftari, sare, koti la maabara na mahitaji ya bweni vimebaki kwa mzazi, na hapo ndipo mfuko wenu umetubeba. Mkuu wa shule alimpa ruhusa ya maandishi kutoka siku tatu kwa wiki kwenda kufanya mazoezi klabuni: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Tulifurahi sana. Tukadhani tumepata yote.

Mtihani wa muhula wa kwanza ulikuja na F ya Fizikia na E ya Kemia. Hatujawahi kuona F katika ripoti ya mtoto yule. Tukafanya lile ambalo mzazi yeyote hapa angefanya: raketi ikafungiwa kabatini na ufunguo tukakaa nao sisi. Tukasema, mzee wetu alituambia.

Miezi miwili ilipita bila tenisi. Mtihani mwingine ukaja. Fizikia ilipanda kidogo tu, Kemia ikabaki palepale. Matroni akatupigia simu kwamba mtoto halali vizuri, hali vizuri, na haongei na wenzake. Hapo tulichanganyikiwa. Kama tenisi ndiyo iliyokuwa inakula masomo, mbona tumeiondoa na masomo hayajanenepa?

Mwalimu wake wa Kemia ndiye aliyetufumbua macho. Alimwambia binti aandike kwenye daftari, kwa kukumbuka wiki zile za mazoezi, kila saa ilikwenda wapi. Akaandika. Tukakaa wanne tukaisoma. Mazoezi yenyewe yalikuwa saa mbili kila siku, siku tatu, jumla saa sita kwa wiki. Njia je? Kutembea hadi barabarani, kungoja daladala ijae, kushuka, kupanda nyingine, saa moja na nusu. Kurudi, hivyohivyo. Saa tatu kwa siku, mara tatu: saa tisa kwa wiki. Mtoto wetu alikuwa anatumia saa tisa barabarani ili apate saa sita za kiwanja. Tena alikuwa anarudi saa mbili usiku, na baba yake akimsindikiza hadi getini, wakati wenzake wameshamaliza nusu ya muda wa kujisomea. Akifungua kitabu cha Fizikia, macho yanafumba.

Ndugu zetu, sisi ni watu wa ndiva. Hakuna haja ya kumweleza Mpare kwamba maji yanayotoka chemchemi si yote yanayofika shambani. Wazee walichimba ndiva yakusanyike usiku, asubuhi yafunguliwe kwa zamu, na kabla ya kumlaumu mtu kwamba anamwagilia mashamba mawili, walikuwa wanatembea kwanza kando ya mfereji kutazama unavuja wapi. Sisi tuliliziba shamba moja bila kuutazama mfereji. Maji yalikuwa yanapotelea njiani.

Tulirudi kwa mkuu wa shule, naye akakubali jambo dogo. Ukuta wa nyuma wa bwalo la chakula hauna madirisha. Tulipiga mstari wa rangi nyeupe, sentimita 91 kutoka chini, ambao ndio urefu wa wavu wa tenisi pale katikati. Jumanne na Alhamisi binti anapiga mpira ukutani dakika hamsini, baada ya vipindi, kisha anaoga, anakula, anaingia darasani kujisomea na wenzake kwa wakati. Jumamosi tu ndiyo anakwenda klabuni kucheza na watu. Saa za barabarani zilishuka kutoka tisa hadi tatu. Sita zilizorudi alizigawa mwenyewe: nne za Fizikia na Kemia, mbili za kulala. Sisi tungesema zote ziende kwenye vitabu. Mwalimu alisema, mwacheni alale. Mwalimu alikuwa sahihi.

Mtihani wa kumaliza kidato cha tano alipata C ya Fizikia, B ya Kemia na B ya Biolojia.

Tusiwadanganye lakini. Ukuta haukufundishi kila kitu. Ukuta unarudisha mpira vilevile ulivyoupiga. Haukupigi kwa hila, haukuvuti mbele ya wavu. Mwezi wa nane alikwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya vijana, akafika nusu fainali, na huko akafungwa seti mbili kwa sifuri na msichana anayefanya mazoezi kila siku na kocha. Mwaka uliopita alikuwa amemshinda msichana huyohuyo. Kwenye basi la kurudi alikaa kimya hadi Korogwe. Kisha akasema, "Najua kwa nini nimefungwa, na sijutii." Sisi tulijuta kidogo, kwa niaba yake. Mzee wetu, hapo methali yako ilikuwa inafanya kazi, na hatukatai. Mwenye mambo mawili hawezi kuwa wa kwanza katika yote mawili. Yeye analijua hilo kuliko sisi, na amechagua lipi litangulie.

Hilo la kuchagua lina uzito zaidi mwaka huu. Baada ya mashindano yale kuna mtu alitushauri tumtafutie ufadhili wa tenisi katika vyuo vya Marekani. Tulishikwa na tamaa, tuseme ukweli. Jirani zetu Wakenya wana Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, ambaye mwaka 2022 alishinda taji la Wimbledon kwa wasichana wawili wawili, kisha akaenda kusoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Auburn kwa njia hiyohiyo ya raketi. Tulipomwona tulisema, kumbe inawezekana.

Lakini tuliuliza kwa wanaojua, na tunapenda wazazi wenye watoto kama wetu walisikie hili. Kwetu, kijana akimaliza kidato cha sita na kufaulu, anaingia moja kwa moja kusoma udaktari, Muhimbili, KCMC, Bugando au kwingineko: miaka mitano, na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Marekani si hivyo. Kwanza ni shahada nyingine ya miaka minne, ndipo anaomba chuo cha udaktari cha miaka minne tena, na baada yake miaka mitatu au zaidi ya kufanya kazi chini ya usimamizi. Ufadhili wa tenisi unahusu ile minne ya kwanza. Vyuo vya udaktari vya huko vinavyopokea mgeni ni vichache, na gharama yake si ya kutamka mbele ya muuza mboga. Kwa hiyo mlango uleule unaofunguliwa na raketi unaweza kumweka mbali na kile anachokitaka.

Tulimwachia aamue. Alichukua wiki mbili. Amesema ataomba udaktari hapahapa nchini, na tenisi ataicheza kwa kadiri masomo yatakavyomruhusu. Mmoja wetu alilala akiwa na huzuni usiku ule, na mwingine alilala akimshukuru Mungu. Hatutasema nani ni nani.

Mzee wetu anaweza kutuuliza: kama ni hivyo, tenisi yenyewe ina faida gani kwa udaktari? Tuliwahi kuuliza hivyo, na binti yetu akatusimulia habari aliyoisoma. Zamani, Marekani ya ubaguzi, mtu mweusi haruhusiwi kucheza katika viwanja vingi vya wazungu. Katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, alikuwako daktari mweusi aitwaye Robert Walter Johnson. Alitibu watu wake, na nyumbani kwake alikuwa na kiwanja cha tenisi. Kila likizo alikusanya watoto, wakala kwake, wakalala kwake, wakafundishwa. Daktari mwenzake, Hubert Eaton wa Wilmington, North Carolina, naye alikuwa na kiwanja. Hao wawili walimchukua msichana maskini kutoka New York aliyekuwa ameacha shule, Althea Gibson. Miezi ya masomo alikaa kwa Eaton akirudi darasani, na likizo alikwenda kwa Johnson kufanya mazoezi. Mwaka 1949 alimaliza sekondari. Mwaka 1957 alishinda Wimbledon, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mikononi mwa Johnson huyohuyo alipita pia kijana Arthur Ashe, aliyeshinda Wimbledon mwaka 1975.

Binti yetu hakutusimulia ili tumwone Althea. Alisema, "Mimi nataka kuwa yule daktari mwenye kiwanja." Tukanyamaza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hapo ndipo tunapofikia ombi lililotuleta, ambalo kamati imelipitisha na makisio yake yamo katika kijarida mlicho nacho mkononi. Hatuombi fedha za binti yetu. Yeye amebakiza miezi michache. Mwezi wa tano atafanya mtihani wa kidato cha sita, na tukiwaahidi daktari leo tutakuwa waongo. Anaweza asipate alama. Anaweza kupata na akakosa mkopo wa Bodi, maana mkopo huombwa na wengi. Msichangie kwa kumtazama yeye peke yake. Tunaomba kwa ajili ya watoto walioko juu nyumbani sasa hivi, ambao nao saa zao zinavuja mferejini.

La kwanza ni kiwanja kando ya sekondari yetu. Mnajua kwetu kupata pahali tambarare ni kama kupata tambarare kwenye mgongo wa ng'ombe. Kijiji kimetoa eneo, lakini lina mteremko. Kiwanja kamili cha tenisi, pamoja na nafasi ya kukimbilia pande zote, kinahitaji takriban mita 36.6 kwa 18.3. Sakafu hiyohiyo ya saruji inatosha kiwanja cha netiboli, ambacho ni mita 30.5 kwa 15.25, na mpira wa wavu, ambao ni mita 18 kwa 9, ikichorwa mistari ya rangi tofauti. Kwa hiyo atakayesema tumejenga kiwanja cha mchezo wa wakubwa, mwambieni aje Jumamosi aone wasichana wa netiboli. Kuchimba na kusawazisha tutafanya kwa msaragambo, kama babu zetu walivyochimba mifereji na ndiva, na kama wazazi wetu walivyobeba mawe ya shule zile tulizosoma. Wanakijiji wameshakubali siku zao. Mawe yapo, mchanga upo. Kinachopungua ni saruji, nondo, nguzo na nyavu.

La pili ni maabara na taa. Mtoto anayetaka kusoma sayansi kidato cha tano lazima awe ameshika kemikali na darubini kabla hajafika huko, wala asizione mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo. Na mtoto wa kutwa anayetembea mlima saa moja jioni, akifika nyumbani hakuna mwanga, huyo saa zake zimekwisha. Madarasa mawili yakiwekwa taa za sola, akabaki shuleni kusoma hadi saa mbili na mzazi mmoja wa zamu akawasindikiza kwa kundi, hapo tumeziba tundu kubwa kuliko lile la binti yetu.

La tatu halina gharama. Tunaomba kila mmoja wenu mwenye taaluma, daktari, muuguzi, mhandisi, mwalimu, akipanda nyumbani Desemba atoe nusu siku aende shuleni kuzungumza na watoto. Kumbukeni daktari kijana aliyechora ubongo kwenye karatasi. Ile kazi ilimchukua dakika kumi, naye hajui alichokifanya.

Mzee wetu, tumejibu kadiri tulivyoweza. Hukutukosea uliposema mshika mbili moja humponyoka. Tulichojifunza ni kwamba mtoto huyu hakushika mbili kwa mikono yake miwili tu. Mkuu wa shule alishika, mwalimu wa Kemia alishika, matroni alishika, nanyi mmeshika kila mwaka, hata wewe mzee uliyeuliza swali ulikuwa wa tatu kwenye orodha ya waliochanga. Tuliiona.

Bibi yake bado yuko hai, juu nyumbani. Kila mjukuu akienda likizo anampa mpira wa tenisi auminye kwa mkono ule wa kulia, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Mwezi uliopita kidole gumba kilianza kusogea. Ametutuma tuwasalimu, na ametoa mchango wake, mfuko mmoja wa saruji. Tumeuandikisha kwa mhazini.